Amenenepa, nywele zimerudi: mbona bado anameza dawa?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama, nakaa Langoni, Lamu. Binti yangu ana miaka 13. Mwaka jana alipatikana na saratani ya damu, ile inayowapata watoto, akalazwa Nairobi miezi mingi. Alhamdulillahi sasa yuko nyumbani, amenenepa, nywele zinaota, na uboho ulipopimwa tukaambiwa hauna tena chembe za saratani. Lakini amepewa vidonge vya kumeza mpaka mwakani. Mamangu mzazi asema mtoto amepona, hizo dawa zitamharibu ini bure. Mtoto mwenyewe amechoka nazo, juzi nimeona vidonge vitatu chini ya mkeka. Yeye tumemwambia ni upungufu wa damu, jina lenyewe halitajwi hapa nyumbani. Je, twaweza kumpunguzia dawa? Anaweza kurudi shule na madrasa? Anataka kufunga Ramadhani na wenzake. Na nisamehe kwa swali hili: ataolewa huyu, azae?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amkamilishie binti yetu afya yake.

Majibu mafupi kwanza, ili usilale na dukuduku. Dawa hapana, msimpunguzie hata kidonge kimoja bila daktari wake. Shule na madrasa ndiyo. Saumu asifunge mpaka amalize matibabu. Kuolewa na kuzaa, inshallah, uwezekano ni mkubwa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Lakini katika barua yako kuna jambo ulilolitaja kwa kulipitia tu, na mimi naona hilo ndilo linaloshika mengine yote. Nitalifikia nikishamaliza na mamako.

Mamako hakosei kwa anachokiona. Mtoto anakula, anacheka, nywele zinarudi. Nani asingesema amepona? Tatizo ni kisichoonekana. Siku saratani ya damu inapogunduliwa, mwilini mwa mtoto huweza kuwa na chembe mbovu zipatazo trilioni moja. Dawa kali za mwezi wa kwanza huua nyingi mno, hata uboho ukitolewa na kuwekwa chini ya hadubini huonekana safi. Ndipo mkaambiwa hazipo, na kwa jicho la hadubini ni kweli. Ila mamilioni, pengine hata mabilioni ya chembe huweza kuwa zimebaki na zisionekane. Mwambie bibi ni moto wa makumbi: juu jivu, ndani kaa. Ameukoka moto huo maisha yake yote, ataelewa upesi.

Haya yalijulikana kwa msiba. Mwaka 1948 huko Boston, daktari Sidney Farber alieleza habari za watoto waliokuwa wakifa kwa saratani ya damu, wakapewa dawa iitwayo aminopterini, wakainuka vitandani. Baada ya miezi ugonjwa ukawarudia. Katika miaka ya 1960, Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude mjini Memphis walichanganya dawa kadhaa pamoja, wakatibu pia ubongo na uti wa mgongo ambako chembe hizo hujificha, kisha wakaendelea na dawa kwa miaka miwili hadi mitatu, hata mtoto akiwa ni mzima wa kutazamwa. Karibu nusu ya watoto wakapona kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Leo katika nchi tajiri wanapona karibu 9 katika kila 10.

Vidonge vya binti yako vimetoka katika ukoo huohuo. Methotrekseti ni ndugu wa ile aminopterini, na mekaptopurini inatumika tangu 1953. Ni dawa kongwe, hazina kishindo cha dripu na wodi, na labda ndiyo sababu watu huzidharau. Marekani walifanya utafiti uliochapishwa 2012, wakawapa watoto chupa za mekaptopurini ambazo kifuniko chake kinarekodi kila inapofunguliwa. Waliomeza chini ya asilimia 95 ya vidonge vyao, hatari ya ugonjwa kuwarudia ilikuwa zaidi ya mara mbili. Asilimia 95 inasikika kubwa, lakini hebu piga hesabu: mtoto akikosa siku mbili tu kwa mwezi, ameshaanguka chini yake.

Kwa hiyo vidonge vitatu chini ya mkeka si jambo la kufumbia macho, wala si la kumpigia mtoto kelele. Inua godoro, tazama kwenye mikoba yake na nyuma ya birika, ujue ni vitatu kweli au ni zaidi. Kisha mwelezeni daktari wake bila kuona haya. Asipojua, ataona chembe nyeupe za damu zimepanda, atafikiri kipimo cha dawa ni kidogo na atamwongezea. Nanyi mkianza kummezesha sawasawa, dawa itakuwa imemzidi.

Kuhusu ini, mamako ana hoja. Mekaptopurini na methotrekseti zote mbili hulitia ini kazi, na ndiyo maana kila kliniki mtoto anatolewa damu. Vipimo vya ini vikipanda sana, daktari hupunguza au husimamisha dawa kwa muda, na mara nyingi ini hutulia lenyewe. Kinachonitia hofu mimi ni kile kikombe cha pili ambacho mara nyingi huja pamoja na maneno ya "dawa za hospitali zinaharibu ini": majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, mizizi kutoka bara, chupa isiyo na jina. Hivyo vyote hupita kwenye ini hilohilo. Habasoda ya kutia kwenye mkate haina neno. Kombe la kunywa pia sina ugomvi nalo, mradi sahani ni safi na maji yamechemshwa. Mizizi na majani ya kuchemsha, la, mpaka amalize.

Sasa lile ulilolipitia. Binti yako ameambiwa ana upungufu wa damu.

Litazame kwa akili yake. Aliambiwa damu imepungua, akaongezwa damu, sasa anapanda ngazi za nyumba bila kuhema. Kwa hesabu yake maradhi yamekwisha. Basi hivi vidonge vya kila usiku, vinavyomtia kichefuchefu, ni vya nini? Mtoto wa miaka 13 akitema dawa ya ugonjwa anaoamini umekwisha, mimi simwiti mkaidi. Ametumia akili yake kwa habari mlizompa.

Na hapo nimechukulia kwamba hajui. Sidhani. Amekaa miezi wodini na watoto wenye vichwa visivyo na nywele kama chake, wakizungumza wao kwa wao usiku mama zao wakiwa wamesinzia vitini. Kadi yake ya kliniki imeandikwa, naye anasoma. Simu anashika. Watoto wengi wanaofichwa huwa wameshajua, wakakaa kimya kwa sababu wameona mama analia wakiuliza. Matokeo yake ni nyumba ambamo kila mtu anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua, na mtoto ndiye anayebaki peke yake na hofu yake.

Mwambie. Usiite kikao cha wajomba na mashangazi. Kaeni wawili, ikiwezekana mkono wako uwe na kazi, kwa mfano unampaka mafuta hizo nywele mpya, maana kijana wa umri huu husema zaidi asipotazamwa usoni. Anza kwa kumuuliza: "Wewe waonaje, ulikuwa unaumwa nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akilitaja jina mwenyewe, kazi yako imekuwa nusu. Asipolitaja, litaje wewe, kwa maneno machache: ilikuwa saratani ya damu, haikuja kwa sababu ya kitu alichokifanya yeye wala wewe, wala kwa jicho la mtu, haiambukizi, dawa za Nairobi zimeondoa ile inayoonekana na hivi vidonge ni vya kumaliza isiyoonekana, mkiacha kabla ya wakati inaweza kurudi, na ikirudi matibabu huwa makali kuliko ya kwanza.

Huenda akakuuliza, "Nitakufa?" Usimkemee kwa kusema astaghfirullah, mambo gani hayo. Swali hilo amekuwa nalo muda mrefu, na inawezekana kuna mwenzake wa kitanda cha jirani ambaye hakurudi kwao. Mwambie ukweli: kuna watoto waliofariki, naam, lakini wewe ugonjwa wako umezikubali dawa, na ndiyo maana tunaendelea nazo. Akilia, mwache alie. Usipojua jibu la jambo fulani, mwambie mtauliza pamoja kliniki, na mkifika, mwache aulize yeye. Madaktari wengine wana tabia ya kuzungumza na mama juu ya kichwa cha mtoto. Ukiona hivyo, sema kwa adabu: "Daktari, binti ana swali."

Akishajua, mpe sehemu ya kazi. Yeye ndiye aweke kengele ya simu, yeye atie alama kwenye kalenda ukutani. Lakini usimwachie yote. Kumeza ameze mbele yako, kila siku, mpaka cha mwisho. Vijana wa miaka 12 mpaka 18 ndio wanaotupotezea dawa zaidi kuliko watoto wadogo, kwa sababu mdogo analishwa na mama, na huyu mkubwa kila mtu anadhani atameza mwenyewe. Muulize pia hasa anachokichukia. Kama ni kichefuchefu, saa ya dawa inaweza kusogezwa. Zamani tuliwakataza watoto kumeza mekaptopurini na maziwa au chakula. Siku hizi tunasisitiza zaidi iwe saa ileile kila siku, ili isisahauliwe. Kama ni uso kufura na njaa isiyoisha, hiyo ni kazi ya prednisoloni, dawa nyingine ya matibabu haya, na uso huywea baada ya muda dawa ikishaachwa. Msichana wa umri wake akijiona kwenye kioo na mashavu yale, kisha shangazi akaingia na kusema "mashaallah umenenepa!", usishangae vidonge vikielekea chini ya mkeka. Waambieni wageni wasimzungumzie mwili.

Jambo moja la hatari kabla sijaondoka kwenye vidonge. Mekaptopurini ni ya kila siku, methotrekseti ni ya mara moja kwa wiki. Kumeza methotrekseti kila siku kwa makosa kunaweza kuua: huangusha damu yote na kuchubua kinywa na utumbo. Weka chupa moja mbali na nyingine. Chagueni siku na saa ya mchana, mathalani Jumamosi baada ya Alasiri. Mkisema "usiku wa Ijumaa", baba atampa Alhamisi baada ya Magharibi, na wewe utampa tena kesho yake. Kama amepewa Septrin za siku kadhaa za wiki, nazo zina kazi: zinamkinga na homa ya mapafu ya aina inayowavamia watoto wenye kinga ndogo.

Homa sasa, maana huko Lamu ndiko nnakoogopa zaidi. Nunua kipimajoto, usitegemee kiganja juu ya paji. Ikifika 38, ni hospitali, iwe saa sita za usiku au mchana wa Idd. Usianze na Panadol kwa kungoja uone, kwa sababu itaishusha homa na kuficha hatari, na Brufen na aspirini asipewe kabisa. Wengi wetu wa Pwani tukiona homa tunasema malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini kipimo kikitoka na malaria au kisitoke, bado anahitaji kupimwa damu yote na kuanzishiwa dawa ya bakteria kwa mshipa upesi, ikiwezekana ndani ya saa moja ya kufika. Mtoto mwenye chembe nyeupe chache anaweza kuzungumza na wewe saa mbili usiku, na alfajiri presha imeshuka hajitambui.

Ninyi mko Langoni, hospitali ya King Fahad ni mwendo wa miguu. Lakini kabla ya kumpeleka likizo kwa jamaa Siyu au Pate, fikirieni maji. Yakipwa, boti haipiti kwenye mkondo, na homa haingoji maji yajae. Simkatazi kwenda. Aende wiki ambayo damu yake iko sawa, na mjue nani ana boti na bahari inajaa saa ngapi.

Muombe daktari wa Nairobi barua moja, muiweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi. Iseme mtoto yuko kwenye matibabu gani, homa ishughulikiweje, na nambari ya simu ya wodi. Iseme na hili: kwa mtoto aliye katika kipindi hiki, chembe nyeupe zile za kupigana na bakteria, ziitwazo neutrofili, tunazishusha kwa makusudi, mara nyingi ziwe kati ya 500 na 1,500. Daktari asiyemjua akiona namba hizo anaweza kustuka na kusimamisha dawa bila sababu. Zikishuka chini ya 500 ndipo husimamishwa, na ni timu yake inayoamua. Zikikaa juu siku zote, kama za mtoto asiye na dawa, mimi huuliza habari za mkeka.

Wakati huu asiumikwe, asichanjwe chale, asipigwe enema, wala asidungwe sindano ya tako kwenye duka la dawa. Hina ya majani kwa ajili ya Idd sawa, kwenye ngozi isiyo na kidonda. Piko hapana, ile huunguza ngozi hata za wazima.

Chakula kisikusumbue kupita kiasi. Nimeona mama wanaowanyima watoto kila kitu mpaka wanakonda. Ale mnachokula, kiwe kimepikwa kikaiva na kiliwe kikiwa moto. Sinia la arusini achotewe kwenye sahani yake mapema, kabla mikono na nzi havijafika. Maji ya kunywa yachemshwe. Juisi ya barabarani yenye barafu aiache. Avae viatu akipita vichochoroni, mavi ya punda mnayajua wenyewe, na uchafu wa paka asiusafishe yeye.

Shule na madrasa aende, na aende mapema kuliko moyo wako unavyotaka. Mtoto aliyefungiwa ndani mwaka mzima hupona damu akaugua roho. Kutakuwa na siku za kukosa, baada ya sindano au damu ikishuka. Mwone mwalimu mkuu na ustadhi kabla hajarudi, mkubaliane na binti mwenyewe wataambiwa nini. Omba jambo moja mahususi: darasani akitokea mtoto mwenye surua au tetekuwanga, wakupigie siku hiyohiyo. Nawe upige simu kliniki siku hiyohiyo bila kungoja vipele, kwa sababu kuna kinga inayofaa ikitolewa mapema tu. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, yeye hapewi mpaka miezi kadhaa baada ya kumaliza dawa. Wadogo zake chanjo yao ya surua wapewe, hiyo inamlinda naye. Ya polio ya matone muulize kwanza daktari.

Mwalimu ajue pia kwamba vinkristini, moja ya dawa za saratani hii, hudhoofisha miguu, mtoto hujikwaa kwa sababu vidole vya mguu haviinuki sawasawa, na kwamba dawa zinazowekwa mgongoni huweza kupunguza kasi ya kufikiri na kumakinika. Si uvivu. Apewe muda zaidi katika mtihani na akae mbele. Kama atarudia darasa, arudie, lakini asiwe wa kwanza kusikia habari hiyo kutoka kwa watoto wenzake. Pwani ya Shela kuogelea ruhusa, damu ikiwa nzuri na kama hana mpira wa dawa uliobaki kifuani.

Saumu. Mgonjwa ameruhusiwa wazi katika Suratul Baqara aya ya 184, alipe siku nyingine akipata afya, na mashekhe wa Lamu hawakosi, mwendeeni mmoja amwambie kwa kinywa chake. Kwa upande wa tiba, methotrekseti inataka mwili wenye maji, na kutapika kwa njaa kutapoteza vidonge. Lakini sikiliza anachokitaka: hataki njaa, anataka kuwa sawa na wenzake. Basi aamke daku na nyumba nzima, asimamie futari, na kidonge chake akimeze baada ya Isha, wenziwe wakienda tarawehe naye aende. Mchana akila, ale chumbani bila maneno ya mtu.

Ataolewa? Hilo la kuolewa liko zaidi mikononi mwa majirani kuliko mwa madaktari, na ndiyo sababu nyingine ya kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Siri ikivuja kwa uvumi hugeuka kuwa "ana maradhi ya ukoo" au "yaambukiza", na yote mawili ni uongo. Saratani ya damu ya watoto kwa kawaida haitoki kwa wazazi, na watoto wa waliopona hawaonekani kuzaliwa na saratani au kasoro zaidi ya watoto wengine. Kuhusu uzazi, dawa za kawaida za saratani hii huwaacha wasichana wengi na uwezo wao. Hatari kubwa ni kwa waliopandikizwa uboho, waliopigwa mionzi ya tumbo au ya kichwa, au waliopewa dozi kubwa sana za dawa kama saiklofosfamidi. Muulize daktari kama katika hayo kuna lililompata. Hukuandika, na nimechukulia halipo. Hedhi yake ikiwa nzito kupita kiasi wakati huu wa matibabu, sema, inaweza kuwa chembe za kugandisha damu zimepungua.

Kuna la moyo pia. Watoto wengi hupewa dawa nyekundu, jamii ya doksorubisini, ambayo inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Mimba huutwisha moyo mzigo, kwa hiyo kabla ya kubeba, akiwa mke wa mtu inshallah, apimwe moyo kwa picha na aikumbushe kliniki ya wajawazito alichotibiwa.

Mwisho safari na pesa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona ifikapo 2030. Katika nchi nyingi zisizo tajiri wanapona chini ya asilimia 30, na sababu moja kubwa ni familia kuacha katikati, mara nyingi si kwa ujinga, ni nauli. Uliza kama baadhi ya kliniki zinaweza kufanyiwa Coast General, Mombasa, badala ya Nairobi, na kama hemogramu, yaani kile kipimo cha damu yote, inaweza kupimwa hapohapo Lamu matokeo yakatumwa kwa simu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya umma ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) badala ya NHIF. Hakikisha mchango wa mwaka umelipwa na jina la binti limo kama mtegemezi, kabla ya siku ya safari, maana kuligundua hilo dirishani Nairobi ni kulala mapokezi.

Akimeza cha mwisho mwakani, ataendelea kuonwa, mwanzoni mara kwa mara kisha kwa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya mwanzo. Miaka mitano ikipita salama baada ya dawa, sisi wenyewe tunatumia neno "amepona" bila kusitasita. Siku hiyo ya kidonge cha mwisho dai karatasi ya muhtasari: aina ya saratani, majina ya dawa zote, jumla ya kila dozi, na mionzi kama ilikuwepo. Piga picha, tuma nakala kwa kaka yako au dada yako aliye mbali, na ile ya karatasi mkabidhi binti mwenyewe aihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.